Mwaka Nilipopewa Kinywa cha Mfereji

Jumapili, 3 Machi 1957

Leo wamegawana mfereji, na mimi wamenipa kinywa.

Niandike vizuri, maana daftari hili nimelinunua Garsen kwa ajili ya hasira zangu, na hasira isiyo na maelezo ni kelele tu. Nyumbani sina wa kugombana naye. Mavyaa Arafa, mama mkwe wangu, hasikii sikio moja, na lile linalosikia huwa amelilalia. Aliyekuwa akinisikiliza ni marehemu mume wangu, Dhadho, naye huu ni mwaka wa pili yuko chini ya mchanga. Basi nitagombana na karatasi.

Mambo ni hivi. Bonde letu la mpunga liko nyuma ya ukingo wa mto Tana, na liko chini kuliko ukingo. Mvua za bara zikinyesha mto unapanda, nasi tunauingiza bondeni kwa mfereji mmoja. Kila mwenye shamba anachimba kipande chake cha mfereji. Asiyemaliza kabla mto haujaja, shamba lake anapewa mwingine, na sijasikia hata mmoja aliyerudishiwa. Kipande kigumu kuliko vyote ni kinywa, pale mfereji unapokutana na mto. Hapo ukingo ni mrefu na udongo umekauka mpaka jembe linalia. Tena mwenye kinywa ndiye mwenye kizibo. Analilinda donge la udongo linalouzuia mto mpaka siku ya kulikata, na bonde likishajaa analiziba tena ili maji yasitoroke. Kizibo kikivunjika, mpunga wa kijiji kizima unakauka na lawama yote ni yake.

Kinywa hupewa mwanamume mwenye vijana wakubwa. Leo shemeji Kaviha, kaka yake Dhadho, amesimama mbele ya wazee akasema, "Shamba ya Dhadho iko na mtu? Kama iko, achimbe. Kinywa iko wazi." Kisha akanitazama.

Eda yangu ilipokwisha alitaka kunirithi pamoja na shamba. Nilikataa. Sasa anataka shamba peke yake. Anajua sina mume, sikujaaliwa mtoto, na kwetu ni Kipini, kwa watu ambao yeye huwaita wauza chumvi. Nia yake nishindwe, nirudi kwa baba yangu na sanduku langu kichwani.

Nikasema, "Nimekipokea." Mzee mmoja alicheka, kisha akaona sicheki naye.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza. Mikono imetoka malengelenge.

Jumatano, 6 Machi

Malengelenge yamepasuka. Nimefunga vitambaa. Kaviha alipita na mtumbwi, akapunguza mwendo makusudi ili anitazame. Nami nikapunguza mwendo wa jembe ili atazame vizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepata mwenzangu. Ni Nyevu, mke wa Ngumbao, wale Wagiriama waliohamia kutoka kusini na kulima mahindi nyuma ya kijiji. Hawana shamba bondeni. Tumepatana: anichimbie, nami nimpe ngwe moja ya mpunga kando ya yangu. Ni mwanamke mrefu, hucheka kwanza ndipo afikiri.

Alinitazama nikichimba kwa muda, kisha akasema, "We Mwanaarusi, unachimba ama unamkuna mtu mgongo?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Tukacheka mpaka mavyaa akatoka nje kuuliza nani amekufa.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimegundua jambo, tena kwenye kinu.

Nilikwenda kwa Nyevu nikamkuta anatwanga mahindi. Mimi nikitwanga huushindilia mchi chini kwa kifua na mabega, na kabla unga haujalainika nimeshachoka. Nyevu hashindilii. Anauinua mchi juu kabisa, anauachia, anaudaka, anauinua tena. Nikamwambia, "Mbona hutii nguvu?" Akanijibu, "Nguvu nimetia nikipandisha. Kushuka mchi unajua mwenyewe."

Nimejaribu. Ni kweli. Ukiuinua hadi kiunoni tu, mchi unabisha hodi. Ukiuinua mpaka juu ya kichwa, kinu kinatetemeka. Mchi ni uleule na mkono ni uleule. Kilichobadilika ni ule urefu niliouinulia, ndio ninaorudishiwa kule chini.

Jumapili, 17 Machi

Kuta za mfereji pale kinywani zinataka nguzo, la sivyo ukingo utaporomoka. Wanaume huzipigilia nguzo kwa nyundo kubwa ya mti, wakipokezana. Sisi wawili tulijaribu nyundo hiyo asubuhi, nguzo ikatucheka.

Nikakumbuka mchi. Tukasimamisha miti mitatu, tukaifunga pamoja kwa juu, tukapitisha kamba kwenye panda tuliyoipaka mafuta, tukafunga gogo zito la mkwaju. Tunavuta kamba pamoja, gogo linapanda polepole, tunaachia, linaangukia kichwa cha nguzo. Duu! Nguzo inazama. Tunavuta tena.

Wanaume waliacha vipande vyao wakaja kutazama. Kaviha akasema, "Kupiga nguzo ni kazi ya kifua ya mwanaume."

Nikamwambia, "Gogo halina kifua, shemeji. Lakini nguzo imeingia."

Jumapili, 24 Machi

Mwalimu Abdulsalam amekuja kuliona gogo letu. Ni kijana wa Hola anayefundisha shule ya hapa, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliomba avute kamba naye. Akavuta mara chache, akakaa chini akihema, akasema, "Bi Mwanaarusi, unajua uchovu wangu umekwenda wapi?"

Nikasema, "Umo mgongoni mwako."

"Nusu yake. Nusu nyingine iko pale juu ndani ya gogo, inangoja. Ukiachia kamba, inatoka."

Hilo lilinikaa vizuri, maana nilikwisha kuliona kwenye kinu. Lakini tulipofika kwenye maji tulibishana vikali. Mimi nilisema nguvu ya maji ni wingi wake, ndiyo maana mto unatisha kuliko kisima. Yeye akasema sivyo, nguvu inayosukuma ukuta ni kimo cha maji, wingi wake baadaye. Nikamwambia hayo ni maneno ya ubao. Akasema, "Lete debe."

Akalitoboa debe langu, debe zima, matundu matatu: juu, katikati na chini. Akaliweka juu ya kinu kilichopinduliwa, tukalijaza. Tundu la juu lilitoa mkojo wa mtoto. La katikati lilifika mbele kidogo. La chini lilirusha maji mbali mpaka yakamlowesha kuku. Kisha akatoboa chini ya beseni pana la mavyaa (nitalilipia maisha yangu yote kwa maneno), akalijaza kiasi cha shubiri moja. Mrusho ulikuwa mfupi, ingawa maji yalikuwa mengi kuliko ya debe. Nikayatazama, nikakubali kwamba nimekosea. Sipendi kukosea, lakini kuku alikuwa amelowa, ningefanyaje.

Nikamwuliza, "Haya, hii nguvu ya debe imetiwa na nani?"

Akacheka. "Nani aliyabeba maji kichwani kutoka mtoni mpaka hapa juu?"

Mimi ndiye niliyeyabeba. Kila siku napanda ukingo ule na debe, shingo inauma, nikidhani uchovu wangu unamwagika njiani. Kumbe umo ndani ya maji, umekaa, unangoja tundu. Nimelifikiria hilo jioni nzima na limenipa furaha ya ajabu.

Jumatatu, 1 Aprili

Mwezi umeonekana. Tumefunga.

Alhamisi, 4 Aprili

Kiu.

Ijumaa, 5 Aprili

Kiu. Kinywa cha mfereji kimefika kina cha kifua changu. Kaviha kasema mbele ya watu kwamba mwanamke aliyefunga hawezi kumaliza, heri aombe msaada wake. Nikamwambia msaada wake naujua bei.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua ya kwanza hapa kwetu. Udongo umelainika. Nyevu amecheza ndani ya mfereji mpaka akaanguka.

Jumatatu, 22 Aprili

Halkano, Morma mfugaji anayenywesha ng'ombe chini ya kijiji, ameshuka kutoka malisho ya juu. Akanikuta nachimba, akasema, "Mama, huko juu mto imekula njia. Fanya haraka." Nikamshukuru. Nimechimba hata wakati wa kupika futari. Mavyaa alipika mwenyewe, akaniletea uji na tende pale kinywani mwa mfereji, akauweka ukingoni akaondoka. Tangu mwanawe afe sijapata kumwona akinibebea kitu.

Jumapili, 28 Aprili

Kimekwisha! Kimekwisha, kimekwisha.

Wazee wamekuja na fimbo yao ya kupimia. Kaviha akaingia ndani, akapiga ukuta kwa kisigino, akatingisha nguzo moja baada ya nyingine. Hakuna iliyotingishika. Alitoka na udongo kwenye kanzu. Nimelala mchana wote.

Jumatano, 1 Mei

Idi. Nimevaa leso mpya. Mavyaa kanipaka hina mikono hii ya punda.

Jumatatu, 6 Mei

Mto umepanda, mwekundu, una povu na magogo. Kaviha anataka tukate kizibo leo. "Hapana ona inakimbia? Inataka kuingia hiyo!"

Nimekataa. Povu si kimo. Nilipigilia kijiti pembeni mwa kizibo, na maji ndiyo kwanza yamegusa usawa wa sakafu ya mfereji. Tukikata sasa yataingia ya kulowesha vifundo vya miguu, yatafika shamba la kwanza na kuishia hapo. Na shamba la kwanza ni la nani? Ni la Kaviha.

Hapa desturi iko upande wangu: mwenye kinywa ndiye anayekata, wala hakuna mwingine awezaye kupiga jembe la kwanza. Nikasimama juu ya kizibo nikasema, "Yeo hakukatwi." Hata Kiswahili cha kwetu kikanitoka, kwa hasira. Walionizunguka walikuwa wanaume tupu na kila mmoja alikuwa na jembe.

Jumanne, 7 Mei

Bado. Wameninunia. Hata wake zao hawanisalimu.

Jumatano, 8 Mei

Bado.

Alhamisi, 9 Mei

Leo mto umefika juu ya kijiti changu kwa mkono mzima, nami nikakata.

Mwenye kinywa hufungwa kamba kiunoni, kwa kuwa maji yakianza huchukua na mtu. Desturi inampa ruhusa ya kuchagua wa kuishika kamba. Kaviha alinyoosha mkono. Nikampa Nyevu. Watu wakaguna, mgeni, Mgiriama, mwanamke, lakini kamba ni yangu na kiuno ni changu.

Nilipiga jembe, nikapiga, mara udongo ukalegea na Nyevu akanivuta juu kabla sijatamka. Maji yaliingia bila kelele nyingi, mazito, yakajaza mfereji kutoka ukuta hadi ukuta na nguzo zetu zikasimama. Yakalifikia shamba la kwanza, la pili, yakaendelea mpaka la mwisho kabisa kule kwenye mikoche, la yule mjane mzee ambaye kila mwaka hupata tope tu. Alikuwa amekaa amenyoosha miguu, maji yakamfikia nyayo akaanza kulia. Nimelia nami, na sijali nani aliniona.

Jumatano, 15 Mei

Bonde limejaa. Tumeziba kinywa: vigogo vya migomba, makuti, udongo wa mfinyanzi, safu juu ya safu. Nyuma yake, upande wa bondeni, nimesimamisha mihimili minene ikiukabili mto. Hivyo ndivyo afanyavyo kila mwenye kinywa, maana adui ni mto.

Mavyaa alikuja kutazama. Akasema, "Mwaka Kaviha alikuwa na kinywa, yeye pia aliweka miti kama hii. Kiboko akapita, akavunja." Watu wote hapa hunisimulia hadithi hiyo. Mto ukianza kushuka, viboko huja. Kizibo cha Kaviha kilivunjika hivyo, na cha mtu mwingine kabla yake. Nitakuwa nafanya kelele na bati kila jioni.

Jumapili, 19 Mei

Bati. Mbu. Mpunga umesimama kijani mpaka moyo unauma.

Jumanne, 28 Mei

Mto umeanza kushuka. Watu wanasema hatari imepita, imebaki kiboko.

Alhamisi, 30 Mei

Leo nitaandika mengi, ingawa viganja vimechunika tena.

Asubuhi wanaume wengi walikwenda Garsen mnadani. Mimi nikaenda kukagua kizibo. Mto umeshuka sana, umeacha matope matupu mbele ya kinywa, nikaweza kushuka kukitazama kwa upande ambao sijawahi kuuona mkavu. Udongo ulikuwa unatoa jasho. Chini kabisa, karibu na mguu wa kizibo, palikuwa na mchirizi mwembamba kama uzi. Nikaukinga mkononi. Maji yalikuwa ya tope. Yangekuwa meupe nisingejali sana, lakini tope ni kizibo chenyewe kinachotoka nje kidogo kidogo.

Nikageuka kuutazama mto uliolala kule chini, nikayawaza maji ya bondeni yaliyokuwa juu ya kichwa changu nyuma ya ule ukuta. Nilikuwa nimesimama mbele ya debe. Bonde ndilo debe, na tundu la chini ndilo hili.

Wiki tatu zilizopita mto ulikuwa juu na bonde chini, na mto ndio uliosukuma. Sasa mto uko chini na bonde liko juu. Maji yale yaliyotulia, ambayo bata wanaogelea ndani yake na watu wanayasifu kwa upole wake, yameinuliwa pale na kila mvua iliyonyesha milimani, na yanasukuma kuja huku. Na mihimili yangu yote, kila mmoja, iko upande wa bondeni. Imemwegemea adui aliyekwisha kwenda zake. Upande wa mto hakuna hata kijiti. Niliiweka mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa kuwa ndivyo wanavyoweka wote.

Nilikimbia kwa Kaviha. Alikuwa anafuma wavu kivulini. Nikamweleza yote: mchirizi, tope, kwamba tupige nguzo upande wa mto leo hii.

Akasema bila kuinua kichwa, "Mto imeshuka. Hatari imeshuka."

"Hatari haikushuka, shemeji. Imehamia bondeni."

"Wewe, mambo ya mto hujui. Hii ni kiboko tu, piga bati." Kisha akainuka, sauti ikabadilika. "Ukichokoa hiyo kizibo, ikavunjika, ni mkono yako. Nitasema mbele ya wazee. Shamba inaondoka leo, haingoji mavuno."

Nimemtazama usoni na nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa anaogopa. Sikuelewa anaogopa nini, wala sikuwa na nafasi ya kuuliza. Nikamwambia, "Basi njoo uone mkono wangu unavyofanya kazi," nikaondoka.

Nyevu aliacha mahindi motoni. Tuliibeba miti mitatu, kamba, gogo, tukashuka nayo kwenye matope ya mto mpaka magotini. Nilimwambia Nyevu atazame mamba, yeye akasema mamba akija atamkuta mwenye njaa kuliko yeye. Tulipigilia nguzo ya kwanza. Ya pili. Mchirizi ulikuwa umeshakuwa mnene kama kidole. Ndani ya matope watu wawili hatukutosha. Gogo lilikuwa linapanda nusu tu, na likipanda nusu linapiga nusu, hilo tulilijua tangu kwenye kinu. Nililia kwa hasira huku navuta.

Mara kamba ikawa nyepesi. Nikageuka. Mavyaa Arafa alikuwa nyuma yangu, amejifunga kanga kiunoni, kamba mikononi, meno yamekazana. Mwanamke ambaye kwa miaka miwili nimemhesabu kuwa upande wa Kaviha. Gogo likapanda mpaka juu.

Kaviha akatokea ukingoni. "Mama! Toka huko! Acheni hiyo!"

Mavyaa hakuiachia kamba. Akapaza sauti, na kwa jinsi asivyosikia vizuri, nadhani ilifika Garsen. "Kaviha! Ile mwaka yako, kiboko ilipita wapi? Mimi nilikwenda kuangalia asubuhi. Kiboko gani haina nyayo?"

Kaviha akatazama chini, kwenye mchirizi. Nikaelewa alichokuwa anaogopa. Kizibo changu kikipona kwa nguzo za upande huu, basi kile chake hakikuvunjwa na mnyama.

Wakati huohuo tope likabanduka chini ya kizibo, kipande kikubwa kama kichwa cha mtu, na maji yakaruka. Yalinipiga mapajani, nikakaa. Kaviha aliruka kutoka ukingoni na nguo zake. Sitamnyima hilo. Aliweka mgongo wake kwenye tundu, akayakanyaga matope, akapiga kelele, "Vuta! Vuta, wanawake, vuta!" Tukavuta. Nguzo ya tatu ikaingia pembeni mwa bega lake, ya nne upande wa pili. Nyevu akasukumia vigogo vya migomba nyuma yake, mimi nikashindilia udongo kwa viwiko. Kaviha alikaa pale, maji ya kijiji kizima mgongoni mwake, mpaka alasiri ikapoa na mchirizi ukageuka mweupe, kisha ukakoma.

Alipotoka alikamua nguo. Hakunitazama. Alimwambia mama yake, "Nitaleta nguzo zingine kesho," akaenda.

Ijumaa, 31 Mei

Ameleta. Nguzo nzuri. Tumezipiga kwa gogo, akivuta kamba mbele yangu.

Jumamosi, 15 Juni

Kizibo kikavu. Mpunga umefika kiunoni.

Jumapili, 21 Julai

Nimerudi sasa hivi kutoka baraza la wazee, nina hasira mpaka wino unaruka.

Wazee walinisifu. Nikakaa kama bibi harusi. Kisha Kaviha akasimama. Amesimulia habari za ile Alhamisi vizuri sana, isipokuwa katika simulizi yake yeye ndiye aliyeuona mchirizi. Akamalizia, "Tumeona mwaka huu, kinywa ni kazi kubwa. Haifai mwanamke. Mwaka ujao irudi kwa wanaume. Na shamba ya Dhadho mimi nitaishika, yeye apate chakula yake hapo, bila taabu."

Kwa hiyo kinywa kilipokuwa adhabu kilinifaa. Kimekuwa heshima, hakinifai.

Mwalimu Abdulsalam alinitetea na kuambiwa yeye ni mgeni. Wazee wamesema watafikiri. Mimi sikusema kitu, na Nyevu amenigombeza njia nzima kwa kunyamaza. Nikamwambia aniache. Nimekwisha kuelewa kwamba maneno yangu yakitoka kila siku ni mchirizi tu, yanalowesha na kukauka. Nitayaweka mpaka yafike kimo.

Jumatatu, 5 Agosti

Mashuke yameinama. Sasa maji hayatakiwi tena, shamba likauke tuvune. Mwenye kinywa ndiye akataye. Wameanza kuniuliza ni lini. Nasema, nitawaambia.

Alhamisi, 8 Agosti

Wameuliza tena. Mpunga unaweza kungoja mpaka Jumapili, nimeukagua shuke kwa shuke. Wao hawajui kama nimeukagua.

Jumapili, 11 Agosti

Niliwaita wote asubuhi kwenye kinywa. Wazee, wake zao, Nyevu na Ngumbao, Mwalimu na miwani yake, mavyaa kwenye kigoda. Kaviha alisimama mbele. Nilijifunga kamba, nikampa Nyevu ncha, nikapanda juu ya kizibo. Upande mmoja bonde lote likiwa limejaa mpaka mikocheni, maji yametulia hata nzi akitua anaonekana. Upande wa pili mto, chini kabisa.

Nikaliinua jembe juu ya kichwa. Nikaliacha hukohuko.

Walidhani navuta pumzi. Kisha wakaona sivuti pumzi. Mzee mmoja akasema, "Piga basi, mwanangu."

Nikasema, "Nitapiga. Nangoja shemeji aseme neno alilolisahau barazani."

Kaviha akasema, "Neno gani?"

"Shamba hili ni la nani, na mwakani kinywa ni cha nani."

Akawatazama wazee. Wazee wakatazama maji. Mikono ilianza kuniuma, mabega yakawaka moto, na nilifurahi kuwaka kwake, kwa kuwa nilijua sasa uchovu huo unakaa wapi. Nikamwambia, "Tangu Machi nimebeba, shemeji. Nimebeba udongo, maji, gogo, na maneno yako. Sikutua hata kimoja. Vyote viko hapa juu. Vitashuka vikate kizibo, mpunga wako uvunwe pamoja na wangu. Lakini sema kwanza."

Kaviha aliyatazama maji. Sijui kama alikumbuka maji mgongoni mwake au kiboko asiye na nyayo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, na kwa mara ya kwanza nikaona amefanana na Dhadho.

Akasema, chini chini, "Shamba ya Dhadho ni ya Mwanaarusi. Na kinywa."

"Sikusikia!" mavyaa akaita kutoka kwenye kigoda. Alikuwa amemgeuzia sikio zima, na naapa alisikia kila herufi. "Sema tena, Kaviha. Sema kwa nguvu!"

Akasema tena, kwa nguvu, wakasikia mpaka wa mwisho kule nyuma.

Jembe lilikuwa zito sana. Nikaliachia.